Sura ya Saba: Nani Yuko Upande wa Pili wa Waya?

GPRMC,054512,A,0204.20,S,04108.50,E

Hivyo ndivyo GPS ya boti inavyosema. Kila sekunde hutoa sentensi ya namna hii bila kuulizwa: saa ya dunia, 05:45:12, ambayo kwetu ni saa mbili na dakika arobaini na tano asubuhi; herufi A, maana yake setilaiti za kutosha zimeonekana; kisha nyuzi 2 na dakika 4 kusini mwa ikweta, nyuzi 41 na dakika 8 mashariki. Ukizitafuta nambari hizo kwenye ramani utafika Kizingitini, kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Pate, mji wa Wabajuni unaojulikana pwani nzima kwa kambakoche.

Tuseme katibu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo kilichowekewa kanuni na serikali ya Kenya mwaka 2007, anataka kujua boti zilipita wapi kabla kusi haijaufunga mlango wa bahari. Anachukua GPS, anaiunganisha na laptopu ya Windows kwa waya, kisha anaiwasha laptopu. Mara mshale wa kipanya unaanza kuruka wenyewe. Unakwenda pembeni mwa skrini, unarudi, unabofya, unafungua mafaili ambayo hakuna aliyeyagusa. Mtu yeyote angedhani ni virusi, na pengine angefuta laptopu nzima kwa kosa lisilohusiana na virusi hata kidogo.

Kilichotokea ni hiki. Vipanya vya zamani, vile vya miaka ya 1980, viliunganishwa kwa poti ya mfululizo, inayopitisha data biti moja baada ya nyingine. Poti hiyo haina njia ya kumwuliza mgeni jina lake. Kwa hiyo Windows inapoamka hukata na kurudisha umeme mdogo kwenye poti, halafu husikiliza. Kipanya kikishapata umeme hutoa herufi moja kama salamu. GPS nayo haingoji kuamkuliwa, inasema tu. Katika zile herufi nyingi zinazomiminika, Windows husikia moja inayofanana na salamu ya kipanya, ikaridhika, ikaandika kwenye daftari lake kwamba hapa kuna kipanya. Kuanzia hapo kila latitudo ni mwendo wa mshale na kila longitudo ni mbofyo. Kosa hili limekuwapo tangu enzi za Windows NT, na lilikuwa bado liko kwenye Windows 10. Dawa yake mpaka leo ni kuchomoa waya, kuwasha laptopu, kisha kuuchomeka. Au kuingia kwenye orodha ya vifaa na kukizima hicho kipanya cha uongo.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna swali zima la sura hii. Mfumo endeshi unajuaje kilichounganishwa nao? Na usipojua, ufanye nini? Jibu langu, ambalo nitalitetea mpaka mwisho, ni kwamba mfumo endeshi haufai kubahatisha. Uambiwe, ukumbuke aliyeuambia ni nani, na uruhusiwe kusema "sijui".

Wapo wageni wanaojitambulisha. USB, iliyotoka mwaka 1996, iliundwa hivyo makusudi. Ukichomeka kifaa, kompyuta hukiwasha upya, hukiita kwa anwani sifuri ambayo kila kifaa kipya huitikia, halafu hukiomba kitambulisho. Kifaa hurudisha baiti 18: nambari ya kampuni iliyokitengeneza, nambari ya bidhaa, ni cha aina gani. Ndipo hupewa anwani yake mwenyewe na draiva inayokifaa, yaani programu ya kukiendesha, ikatafutwa. PCI, kaka yake wa ndani ya kompyuta aliyezaliwa mwaka 1992, hufanya kitu cha karibu na hicho: mfumo hupita nafasi moja baada ya nyingine ukisoma nambari ya mtengenezaji, na nafasi tupu hujibu FFFF, nambari ambayo hakuna kampuni iliyopewa. Utaratibu huu ni safi. Anayeuliza hadhuriki, asiyekuwapo hajibu, aliyepo hasemi uongo isipokuwa mtengenezaji wake ni tapeli.

Lakini tazama ule waya wa GPS. Laptopu nyingi za siku hizi hazina poti ya mfululizo, kwa hiyo katibu wetu anatumia kibadilishi cha USB. Kibadilishi kinajitambulisha vizuri kabisa: mimi ni chipu fulani ya kampuni fulani. Kilicho nyuma yake hakijulikani. Ujuzi wa mfumo endeshi unakomea kwenye kibadilishi, na ng'ambo ya hapo ni giza. Hata Linux haijapona. Kuna programu yake inayotafuta modemu za intaneti, na kwa muda mrefu, kila ilipokutana na poti isiyojulikana, ilikuwa ikiitumia amri za modemu ili kuona kama itajibiwa. GPS, au mashine yoyote ya kupimia iliyo upande wa pili, inajikuta imeandikiwa maneno ambayo haikuyaomba.

Kubahatisha kwa namna hii ni kama nahodha anayetupa bildi ili ajue kina cha maji. Kwenye mchanga haidhuru. Tatizo ni kwamba ndani ya kompyuta kuna mahali ambapo kutupa bildi kunatoboa boti.

Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na programu za Linux za kupima joto la kompyuta. Vipima joto hukaa kwenye njia iitwayo I2C, nyaya mbili nyembamba zinazopita kwenye bodi, na vifaa vilivyo juu ya njia hiyo havijitambulishi. Kila kimoja kina anwani ya biti 7 na basi. Anwani moja inaweza kuwa kipima joto kwenye bodi hii, na kwenye bodi nyingine ikawa kumbukumbu ndogo yenye siri za kompyuta. Programu zilikuwa zikipita anwani zote zikigonga mlango. Kwenye aina kadhaa za laptopu za ThinkPad za IBM, ile kugonga tu iliharibu kumbukumbu ndogo iliyokuwa kwenye njia hiyo, na laptopu haikuwaka tena. Chipu ilidhani imeandikiwa. Mwenye mashine alitaka kujua joto tu, akabaki na bodi iliyokufa.

Kwa hiyo kwa vifaa vya aina hii njia ni moja: aliyeiunda bodi aseme alichoweka na alipokiweka. Yeye ndiye anayejua. Maelezo yake huwekwa pamoja na programu dhibiti, ile programu iliyohifadhiwa kwenye chipu ya bodi na inayoamka kabla ya mfumo endeshi. Ugomvi wa miaka thelathini umekuwa juu ya lugha ya maelezo hayo, na ni ugomvi wenye maana kubwa kuliko unavyoonekana.

Ulimwengu wa kompyuta za mezani na laptopu ulifuata ACPI, iliyotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Tangu 2013 iko mikononi mwa jumuiya ya makampuni inayosimamia UEFI, kiwango cha programu dhibiti za siku hizi. ACPI haikuishia kwenye maelezo. Ndani yake kuna programu kamili, zimeandikwa kwa lugha yake maalumu, na mfumo endeshi huziendesha ndani ya kiini chake, yaani moyo wake, ili kujua betri ina kiasi gani au kuizima kadi fulani. Faida ipo: mtengenezaji anaweza kuficha mambo ya bodi yake, na mfumo wa zamani ukaendesha laptopu mpya. Lakini programu inaweza kuuliza maswali, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. ACPI ina swali rasmi la kumwuliza mfumo endeshi wewe ni nani. Watengenezaji wakaandika: ukiwa ni Windows ya mwaka fulani fanya hivi, la sivyo fanya vile. Kile cha "la sivyo" hakuna aliyekijaribu. Leo Linux ikiulizwa kama ni "Windows 2015", yaani Windows 10, hujibu ndiyo. Ikiulizwa kama ni Linux, hujibu hapana. Hujibu hivyo kwa sababu ndiyo njia pekee ya kupita kwenye upande wa programu ambao mtengenezaji aliujaribu kabla ya kuuza.

Maelezo ya kifaa yanayobadilika kulingana na anayeyasoma hayastahili kuitwa maelezo. Bodi ni ileile, chipu ni zilezile, nyaya hazijahama.

Njia ya pili ni ya zamani zaidi na kwa maoni yangu ni bora zaidi, na imepita Afrika Mashariki bila watu kuigundua. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye kampuni ya Sun Microsystems, Mitch Bradley alitengeneza programu dhibiti iliyojenga mti wa vifaa. Shina ni mashine yenyewe, matawi ni njia za data, na kila jani ni kifaa chenye sifa zake: jina, anwani, kinaendana na nini. Mwaka 1994 njia hiyo ikawa kiwango cha IEEE 1275, kinachojulikana kama Open Firmware. Miaka kadhaa baadaye Bradley huyohuyo aliiandika kwa ajili ya laptopu ndogo ya kijani na nyeupe ya mradi wa OLPC, iliyolengwa watoto wa shule. Rwanda iligawa zaidi ya laptopu hizo 200,000 kuanzia mwaka 2008, na nchi chache tu duniani ziliipita.

Ninaitaja kwa sababu ya jambo ambalo lilikuwa ndani ya kila moja. Kwenye laptopu ambayo haikufungwa kwa ulinzi, mtoto angebonyeza kitufe kimoja wakati inawaka, akafikishwa kwenye mstari wa amri, na kwa amri mbili tatu akautazama mti mzima wa mashine aliyoishika: kamera iko wapi, redio iko wapi, kibodi imeunganishwa na nini. Mti huohuo Linux iliusoma na kuuweka mahali ambapo programu yoyote ingeusoma. Sijui kompyuta nyingine ya mtoto iliyowahi kueleza mwili wake wazi kiasi hicho.

Simu nazo zilifika kwenye mti kwa kusukumwa na fujo. Chipu za ARM, zinazoendesha karibu kila simu mkononi mwa mtu, hazikuwa na ACPI wala chochote. Kila bodi iliingizwa kwenye kiini cha Linux kama faili la programu lake peke yake: anwani hii ni tachi, mguu huu wa chipu ni taa. Bodi zikawa mamia, na kila kampuni ikaandika upya yaleyale kwa mkono wake. Machi 2011 Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, alikasirika hadharani na kwa maneno makali. Kazi ya kuyahamisha maelezo hayo kutoka kwenye programu na kuyaweka kwenye mti wa vifaa, ambayo Grant Likely na wenzake walikuwa wameshaianza, ikapata nguvu. Leo Linux ina maelfu ya mafaili ya mti kwa ajili ya ARM peke yake, na simu za Android zinazouzwa Lamu, pamoja na zile zinazounganishwa Athi River kwenye kiwanda cha EADAK kilichofunguliwa Oktoba 2023, zinawaka kwa kusoma mti wa namna hiyo.

Mti una uzuri mmoja mkubwa: haufanyi kitu. Ni data tupu. Hauulizi msomaji wake ni nani. Mfumo wowote, Linux, NetBSD au FreeBSD, ukiusoma utaona bodi ileile.

Ila mti nao hautoshi, na hapa wengi huishia mapema. Kujua kwamba kifaa kipo ni jambo moja, kukipokea ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili kuna muda.

Chukua tachi ya simu. Mti unasema iko kwenye njia fulani ya I2C, anwani fulani, inapata umeme kutoka chipu ya umeme. Draiva ya tachi inaamka mapema, inaomba umeme, na chipu ya umeme yenyewe bado haijapokelewa. Zamani draiva ilishindwa hapo na tachi ikawa imekufa mpaka simu izimwe na kuwashwa tena. Waandishi wa draiva wakaanza kupanga zamu kwa mkono, huyu aamke kabla ya yule, na kila bodi mpya ikavuruga mpangilio. Mwaka 2012 Linux iliongeza jibu la tatu. Mbali na "nimekipokea" na "nimeshindwa", draiva ikaruhusiwa kusema: bado, ninayemtegemea hajafika, niulize tena. Ni badiliko dogo kwa mistari, na limeokoa watu wengi. Kasoro yake ni kwamba kiini hurudia kuuliza kwa kupapasa, hakijui nani anamngoja nani. Miaka minane baadaye ndipo Linux ilipoanza kuusoma mti wenyewe na kujenga utegemezi kutoka humo: mti umeshasema tachi inapata umeme pale, basi usiigonge tachi kabla ya pale kuwa tayari.

Watu wa BSD, ukoo wa mifumo endeshi walimotoka NetBSD na FreeBSD, walikuwa na mpango mzuri tangu 4.4BSD, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mzazi ndiye anayewatafuta watoto wake. Njia ya data ikishapokelewa hutangaza kila inachokiona, draiva zote hutazama na kila moja hutoa alama ya jinsi inavyofaa, na yenye alama ya juu hukabidhiwa kifaa. Hakuna draiva inayozurura kugonga milango isiyoijua. Napenda hasa kwamba kifaa kisichopata draiva hutajwa tu: kipo hapa, hakikusanidiwa. Mstari huo mmoja kwenye skrini wakati mashine inawaka umesaidia mafundi kuliko kurasa nyingi za mwongozo. Kisichojulikana kimepewa nafasi yake na hakikulazimishwa kuwa kipanya.

Kisha kuna kuondoka. Kwenye boti, hili ni jambo la kila siku. Nahodha anawasha mota, mota inavuta umeme mwingi kwa sekunde moja, volti za betri zinashuka, na kibadilishi cha USB kinazimika kisha kinarudi. Kwake ni kupepesa jicho. Kwa kompyuta ndogo ya Linux inayoonyesha ramani, kifaa kimekufa na kingine kimezaliwa. Kile cha kwanza kiliitwa ttyUSB0. Programu ya ramani bado imelishikilia jina hilo, kwa hiyo jina halijaachwa wazi, na aliyerudi anapewa ttyUSB1. GPS inaendelea kusema kila sekunde kwenye mlango mpya huku programu ikisubiri kwenye mlango wa zamani. Kwenye skrini boti imesimama palepale ilipokuwa wakati mota inawashwa. Na boti inakwenda, pengine kuelekea mwamba.

Kosa hapo ni la kuchanganya mambo matatu ambayo mfumo endeshi unapaswa kuyaweka mbali: kifaa ni nani, kimechomekwa wapi, na kinatumika kwa kazi gani. ttyUSB0 haisemi hata moja kati ya hayo; inasema tu kwamba nilikuwa wa kwanza kufika. Linux sasa hutengeneza pia majina yanayotokana na nambari ya kifaa chenyewe, na mengine yanayotokana na tundu kilipochomekwa. Mwenye boti akilitumia la kifaa, GPS itapatikana hata ikihamishwa tundu. Akilitumia la tundu, anaweza kubadilisha kibadilishi kilichooza kwa chumvi akaweka kipya bila kugusa mipangilio. Kwa bahari ya Lamu ningechagua la tundu, maana chumvi haichelewi. Lakini uchaguzi huo ni wa mwenye boti, na mfumo mzuri ni ule unaompa yote mawili ukamwachia aamue.

Hatua iliyonifurahisha zaidi katika miaka ya karibuni ilikuja 2017 na 2018. Kwanza Linux ilikubali kwamba upande wa pili wa poti ya mfululizo kunaweza kuwa na kifaa chenye jina, mtoto halali wa poti, na mti unaweza kumtaja. Halafu vipokezi vya setilaiti kama GPS vikapewa aina yao wenyewe, iitwayo gnss. Sasa mwenye kuunda kisanduku cha boti ambacho GPS imefungwa ndani huandika chini ya poti:

gnss {
  compatible = "u-blox,neo-m8";
  current-speed = <9600>;
};

Mistari minne, na mmoja zaidi wa kusema umeme unatoka wapi. Kiini kikisoma hapo hakina haja ya kusikiliza salamu wala kutuma amri za modemu. Kinajua ni GPS, kinajua mwendo wake wa data, kinaweza kuizima GPS hiyo wakati boti imefungwa ili betri isiishe, na kinaitoa kwa programu kwa jina gnss0. Hakuna anayeweza kuidhania kipanya.

Faida hiyo haimfikii mwenye waya na kibadilishi, kwa sababu hakuna programu dhibiti inayojua atachomeka nini kesho. Huko mwenye mashine ndiye anayejua, na mfumo endeshi unapaswa kumpa mahali pa kuandika neno lake na kulipa uzito zaidi kuliko dhana zake wenyewe. Kiini cha Linux kimesogea upande huo kwa namna yake: tangu 2015 draiva inaweza kuuliza sifa za kifaa bila kujali kama zimetoka ACPI, kwenye mti, au zimeandikwa kwa mkono. Kinachokosekana ni kuonyesha asili ya kila neno. Fundi anayeona kasi ya poti ni 4800 hawezi kujua kirahisi kama ilisemwa na bodi, na mtu, au ilibahatishwa na draiva. Hayo ni madai matatu yenye uzito tofauti, na mfumo unayahifadhi kama vile ni moja.

Nani basi ana haki ya kuandika maelezo? Kwa mafundi wa simu hili si swali la nadharia. Kizingitini ni mbali. Kioo cha simu kikinunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi, kitasafiri kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, na boti nayo ina lake na maji: bamvua na maji mafu ndiyo yanayoamua kama mkondo wa Mkanda unapitika. Kioo kinafika, fundi anakifunga, simu inawaka, skrini iko giza. Au picha inaonekana lakini tachi haisikii.

"Kaka, si ulisema ni cha simu hii hii?"

"Ni cha simu hii hii. Ila hiki cha kampuni nyingine."

Fundi anasema kweli. Modeli moja ya simu mara nyingi hutengenezwa na vioo vya kampuni mbili au tatu. Kioo cha simu hakina kitambulisho kama cha USB. Kila kampuni ina mlolongo wake wa amri za kukiamsha, na usipoupata kinabaki giza. Programu inayowasha simu husoma nambari kutoka kwenye kioo, hutazama orodha iliyowekwa kiwandani, kisha huuambia mfumo endeshi kioo gani kipo. Kampuni ambayo haimo kwenye orodha ya toleo hilo haina lake. Chipu iko, waya uko, umeme unafika. Kilichopungua ni mistari kadhaa ya maelezo.

Mistari hiyo ingekuwa rahisi kuongeza. Android yenyewe imetenga sehemu ya hifadhi kwa ajili ya vipande vya mti wa vifaa, vinavyopachikwa juu ya mti mkuu simu inapowaka. Lakini sehemu hiyo imefungwa kwa sahihi ya kampuni pamoja na mfumo mzima. Sababu ya kuifunga ni nzuri: mwizi au jasusi asibadilishe programu ya simu ya mtu. Ila maelezo ya kioo si programu, na kuyaweka chini ya kufuli moja na kiini ni kumnyima mwenye simu haki ya kusema kilichomo ndani ya simu yake. Ningependa kuona kufuli mbili. Moja ya kiini, funguo zake kiwandani. Nyingine ya maelezo ya sehemu zinazobadilishwa na mafundi, yaani kioo, tachi, betri na kamera, ambayo mwenye simu anaifungua kwa neno lake la siri, akaongeza kipande cha mti, akaifunga. Mfumo ukionyesha wazi kwamba maelezo haya yametoka kwa mwenye simu na si kiwandani, benki na programu za malipo zitajua la kufanya.

Kwamba inawezekana, ushahidi upo. Mwaka 2018 Xiaomi ilitoa Poco F1. Simu hiyo ilitoka na vioo vya kampuni mbili, Tianma na EBBG. Watu wa kujitolea walipoiingiza kwenye Linux kuu, ile isiyo ya kampuni yoyote, waliandika mti mmoja wa pamoja wa simu nzima, kisha mafaili mawili mafupi juu yake: moja la Tianma, moja la EBBG. Mafaili hayo yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma. Fundi akivunjikiwa na cha Tianma akapata cha EBBG, kwenye simu iliyofunguliwa kufuli na inayotumia Linux hiyo, anabadilisha faili moja na simu inawaka.